Ngugi Yule Mwingine, Aliyewafunza Wanyonge Kuandika Tamthilia



Mpwa wangu anaishi Kawangware, Nairobi, hatua chache kutoka pale matatu za nambari 46 zinapogeuzia. Aliondoka Mombasa miaka minne iliyopita kwenda kutafuta riziki, na riziki aliyoipata ni kuuza viatu vya mitumba. Hiyo ni mchana. Usiku anaandika tamthilia. Anazo tatu, zote kwenye madaftari ya shule, na moja imeshaigizwa mara mbili na kikundi cha vijana wenzake wa Kawangware na Kibera. Mamake, ambaye ni dada yangu, hajui kama mwanawe ni mwandishi. Anajua anauza viatu.

Mwezi uliopita nilikwenda Nairobi kwa shughuli zangu nikalala kwake siku tatu. Usiku wa kwanza akanitolea fomu. Kuna mafunzo ya waandishi chipukizi wa tamthilia, wiki sita, nauli inalipwa, chakula cha mchana kipo na mwisho mtu anapewa cheti. Tukaisoma pamoja kwa mwangaza wa simu, maana stima zilikuwa zimepotea. Fomu yauliza ujumbe wa tamthilia ni upi. Yauliza walengwa ni kina nani. Yauliza ni tabia gani ya walengwa itakayobadilika wakishatazama. Tuliigeuza mbele na nyuma tukitafuta mahali panapouliza hadithi yenyewe yamhusu nani na yampata nini. Hapakuwa.

Kijana akaniuliza kama katika Kenya hii amewahi kuwako mtu aliyewafunza watu wa hali ya chini kuandika michezo ya kuigiza, akaifanya hiyo ndiyo kazi ya maisha yake, na kama kazi hiyo ilimlisha au ilimmaliza. Nikamwambia yuko, aitwa Ngugi. Akacheka. Huyo alimsoma shuleni, na habari za kifo chake Mei 2025 alizisikia kama kila mtu. Nikamwambia si huyo. Ni yule mwingine.

Ukikitazama kitabu cha Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu iliyochapishwa na Heinemann mwaka 1980, utakuta majina mawili kwenye jalada. La kwanza ni Ngugi wa Thiong'o. La pili ni Ngugi wa Mirii. Wengi hulipita hilo la pili wasilione, na wengine hudhani jina moja limerudiwa kwa makosa. Mimi mwenyewe nilikuwa katika hao mpaka nilipotimia miaka ishirini na kitu. Acha nieleze nilivyozinduka, kisha nirudi kwake.

Mwaka 2002 nilikuwa Nairobi nikisomea diploma. Hosteli zilinishinda bei, nikapanga chumba Makina, Kibera, katika boma la mzee mmoja wa Kinubi. Kwa wasiopajua, Makina ndio mtaa wa Waislamu wa Kibera tangu asili. Wanubi ni wajukuu wa askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza waliowekwa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, na jina la Kibera latokana na neno la lugha yao lenye maana ya msitu. Iliwachukua zaidi ya miaka mia, mpaka 2017, kupewa hati ya pamoja ya ardhi, ekari 288. Kijana wa Pwani akifika Makina hajihisi mgeni. Adhana aisikia, wazee wako barazani, na kesi ya ardhi haijesha.

Tulikuwa na kikundi chetu cha maigizo, vijana kumi na wawili. Likaja shirika moja, nitalihifadhia jina lake, kutupa mafunzo ya uandishi. Siku tano ukumbini, fulana, kalamu na soda. Tukaandika mchezo kuhusu wenye nyumba wanaong'oa mlango wa mpangaji asiyelipa kodi, kwa sababu jambo hilo tulilijua. Mlango wa jirani yangu uling'olewa Ijumaa moja na mtoto mchanga yumo ndani. Mkufunzi akausoma, akausifu sana, kisha akatwambia mradi wake ni wa ukimwi. Basi mlango ukabaki mlango, lakini mpangaji tukamtia virusi. Tukaigiza mara tisa, soko la Toi na kwengineko, na kila mara tukapewa posho. Mradi ulipokwisha, kikundi hakikumaliza mwezi. Mswada ulikwenda na wenyewe na sikuutia machoni tena.

Siudharau ukimwi, nisieleweke vibaya. Uliwazika watu tuliowajua kwa majina. Ninalosema ni kwamba mchezo tuliouandika sisi haukuigizwa hata mara moja.

Palikuwa na mzee fundi viatu aliyezoea kututazama tukifanya mazoezi. Kwao ni Limuru. Siku moja akatucheka, akatwambia kwao waliwahi kuwa na mchezo ambao wanakijiji waliuandika na kuuigiza bila ya kulipwa hata senti, na serikali ikauogopa mpaka ikaupiga marufuku. Akamtaja Ngugi, nami nikaitikia kwa kujua. Akanisahihisha. Alikuwa amzungumzia yule wa ngumbaru, yule kijana mwalimu wa kisomo.

Ngugi wa Mirii alizaliwa mwaka 1951 Roromo, Limuru. Kutoka Kawangware si mbali: ukishika barabara ya Naivasha watokea Uthiru, hapo wapanda barabara kuu iendayo Nakuru, na punde waanza kuona majani chai. Alipokuwa mtoto wa mwaka mmoja, Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Kamirithu, kijiji ambacho baadaye kingempa jina, kilikuwa kimoja kati ya vile vijiji ambavyo Waingereza waliwarundika watu wakati ule ili wasiwalishe wapiganaji wa msituni. Kwa hiyo alikulia mahali palipojengwa kama kizuizi na watu wakabaki humo baada ya uhuru, wengine wakiwa hawana shamba la kurudia. Wanaume walikwenda kiwanda cha viatu cha Bata, wanawake wakachuma chai katika mashamba ya wengine. Mtu wa Kibera hahitaji kuelezwa maisha hayo.

Alisoma Ngenia, shule ya sekondari ya hapo hapo Limuru, akamaliza 1971. Mwaka uliofuata akaajiriwa Posta. Kazi ya Posta wakati huo ilikuwa kazi ya kumshukuru Mungu, lakini mwaka 1974 aliiacha akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea elimu ya watu wazima, akatoka na diploma. Nilipolijua hilo nilifurahi, sitaficha. Tumezoea kudhani kwamba mambo makubwa ya fasihi ni ya maprofesa. Baadaye akafanya kazi ya utafiti katika Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya chuo hicho hicho, na kazi yake kubwa ikawa kisomo.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu tamthilia ilitoka katika kisomo. Wakati ule mtu mzima aliyetaka kujua kusoma alifunzwa kama mtoto. Huyu ni mbuzi, lile ni yai. Mtu amelea watoto sita, amefungwa na Mwingereza, amenyang'anywa shamba, anakaa darasani anafunzwa yai. Ngugi wa Mirii alifuata njia ya Paulo Freire, mwalimu wa Brazil, ambayo yasema maneno ya kwanza ya kusoma yatoke katika maisha ya mwanafunzi mwenyewe: mshahara, kodi, shamba, deni. Darasa linaanza kwa kulizungumza jambo, kwa nini liko hivyo, nani afaidika. Herufi zinafuata. Mwalimu akija na jibu mfukoni, darasa limekufa.

Mwaka 1976 wanakijiji wa Kamirithu walikifufua kituo chao cha vijana kilichokuwa kimelala, wakakiita kituo cha elimu na utamaduni. Thiong'o, wakati huo profesa mwenye vitabu vinavyosomwa duniani, alikuwa akiishi karibu, na mwanamke mmoja wa kijiji alimwendea tena na tena nyumbani kumtaka aje kusaidia. Madarasa ya kisomo yalianza nusu ya pili ya mwaka, na kufikia Desemba watu 55 walikuwa wanajua kusoma na kuandika. Sasa wakauliza, tumejua kusoma, tusome nini? Na kituo kitapata wapi pesa? Ndipo likaja wazo la mchezo wa kuigiza, na Ngugi wawili wakapewa kazi ya kuandika rasimu.

Rasimu ilikuwa tayari Aprili 1977. Katika mafunzo mengi ya leo, hapo kazi ya mwandishi imekwisha na ya mwigizaji yaanza. Kamirithu hapo ndipo uandishi ulipoanza. Rasimu ilisomwa mbele ya watu, na watu wakaifungua kama fundi anavyofungua injini. Wazee wakasema mzee hazungumzi hivi na mkwewe. Wafanyakazi wa kiwandani wakaeleza mishahara ilivyo na makato yalivyo. Waliowahi kutengeneza bunduki za kienyeji wakati wa Mau Mau wakaonyesha zinavyotengenezwa, na wanawake waliobeba risasi kupeleka msituni wakaonyesha zilivyofichwa. Nyimbo na ngoma zilizokuwa zimeanza kusahaulika zikaletwa na vikongwe. Mazoezi yalifanywa uwanjani, siku ambazo wafanyakazi wamepumzika, na yeyote apitaye aliweza kusimama na kusahihisha. Mkurugenzi alikuwa Kimani Gecau, mhadhiri wa chuo kikuu, na ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000 walijijengea wenyewe.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Kiguunda, kibarua, ana ekari moja na nusu ya ardhi na hati yake ameitundika ukutani. Tajiri anayemwajiri, Kioi, ambaye ni mtu wa kanisa, amshawishi afunge ndoa ya kanisani na mkewe waliyeishi naye miaka yote, na achukue mkopo kwa ajili ya harusi. Mkopo wampeleka mnada, na shamba laenda. Sisi wa Pwani tukiisoma, kinachotushangaza zaidi ni ile hati ukutani. Kwetu kuna watu wamezaliwa na kuzikwa juu ya ardhi wakiitwa maskwota, hawana hata karatasi ya kunyang'anywa.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa mabasi, wengine kwa miguu, baadhi wakarudi tena na tena mpaka wakawa wanayajua maneno kuliko waigizaji. Tarehe 16 Novemba leseni ikaondolewa. Wiki sita tu. Tarehe 31 Desemba Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani.

Wa Mirii hakukamatwa. Wako wanaoliona hilo kama dalili kwamba yeye alikuwa msaidizi tu. Mimi naliona vingine. Serikali ilimkamata yule ambaye dunia ilimjua, ikidhani mchezo ni wake. Haikufikiri kwamba kijana wa miaka 26 mwenye diploma ya kisomo ndiye aliyekuwa na ufunguo, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa na wale 55 wakajifunza kuandika. Tamthilia ya profesa yafungiwa jela pamoja na profesa. Kijiji kilichojua kuandika hukifungi hivyo. Na kweli, Thiong'o alipotoka, kituo kilikuwa bado kipo.

Wakarudi kazini. Mwaka 1981 Kamirithu ikaanza kutayarisha mchezo wa nyimbo, Maitu Njugira, kuhusu sheria za kipande na kazi za lazima za miaka ya 1930. Ulikuwa na nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya, na ulikusudiwa jukwaa la Kenya National Theatre, lile jumba lililofunguliwa 1952 na ambalo kwa miaka mingi lilitumikia Wazungu wa Nairobi. Wanakijiji wa Limuru kuingia mle na wimbo wao halikuwa jambo dogo. Februari 1982 walipofika walikuta milango imefungwa. Wakahamia ukumbi wa chuo kikuu wakaita mazoezi, kwa kuwa mazoezi hayahitaji leseni, na watu wakafurika kutazama mazoezi. Nayo yakazuiwa. Machi mwaka huo kituo kikafutiwa usajili, na tarehe 12 polisi wakaja kwa malori wakaubomoa ule ukumbi ubao kwa ubao. Baadaye hapo pakawekwa chuo cha ufundi.

Ilikuwa ni mwaka mbaya kwa walioandika. Alamin Mazrui wetu wa Mombasa, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ametoa tamthilia ya Kilio cha Haki kuhusu wafanyakazi wa shamba, naye alitiwa kizuizini 1982. Thiong'o akabaki ng'ambo. Wa Mirii na Gecau wakakimbilia Zimbabwe, nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili.

Mpwa wangu alidhani hadithi imekwisha hapo. Mkimbizi, jukwaa limevunjwa, basi. Lakini kwa mtu huyu nusu kubwa ya kazi ilikuwa mbele.

Zimbabwe ilikuwa na shule zilizoanzishwa kwa watoto waliorudi kutoka kambi za wakimbizi, chini ya taasisi iitwayo ZIMFEP, ambako elimu ilichanganywa na kazi za mikono. Wa Mirii akaajiriwa huko kufunza maigizo. Alikuta vijana waliokulia vitani, wana nyimbo, wana hadithi, hawana anayewauliza. Mwaka 1983 ikafanyika warsha kubwa ya Waafrika huko Murewa, kaskazini mashariki mwa Harare, kuhusu tamthilia na maendeleo, na watu waliopitia Kamirithu walikuwa miongoni mwa waliotoa uzoefu. Huko ndiko mvutano ulipojitokeza ambao haujesha mpaka leo. Upande mmoja ni njia iliyoanzia Botswana katika miaka ya 1970: wataalamu wanakwenda kijijini, wanachunguza matatizo, wanatunga mchezo kwa siku chache, wanauigiza, wanaondoka. Upande wa pili ni njia ya Kamirithu: unakaa, unangoja, kijiji kinaandika. Ya kwanza ina bei nafuu na ripoti yake yaandikika. Ya pili yachukua mwaka, na hujui itaishia wapi. Yaweza kuishia kwa polisi.

Yale mafunzo yangu ya siku tano pale Kibera, sasa nalijua, yalikuwa ni mtoto wa ile njia ya kwanza.

Kutokana na kazi hiyo ndipo katika miaka ya 1980 ikazaliwa ZACT, chama cha vikundi vya maigizo vya jamii Zimbabwe, na Wa Mirii akiwa mhimili wake. Mpaka hapo chama cha maigizo kilichokuwa na nguvu kilikuwa ni kile kilichorithiwa kutoka kwa Wazungu. ZACT ikakusanya vikundi vya mitaa ya kazi na vya mashambani, vikundi vya watu wasio na ukumbi wala mswada uliochapwa. Mafunzo yake yalikwenda mbali kuliko jukwaa. Kikundi kilifunzwa kutunga kwa pamoja, lakini pia kuweka hesabu, kujisajili na kujitafutia maonyesho, kwa mtindo wa ushirika. Alikuwa ameliona pengo: kijana akifunzwa kuandika tu na asifunzwe ataishi vipi na uandishi, umemfunza njaa.

Sasa kuna jambo lazima niliseme, maana wasifu wa mtu si maulidi ya kumsifu tu. Wa Mirii alichukua uraia wa Zimbabwe, na nchi ilipoharibika miaka ya 2000 alisimama wazi upande wa serikali ya Mugabe na wa kutwaliwa kwa mashamba ya Wazungu. Naelewa limetoka wapi. Mtu aliyezaliwa Limuru 1951, akaandika habari za Kiguunda, akiona ardhi yarudishwa kwa Waafrika atashangilia. Lakini serikali hiyo hiyo ilikuwa ikiwapiga wapinzani na kuwabana waandishi. Huko Bulawayo, Cont Mhlanga na kikundi chake cha Amakhosi walikuwa wakiandika tamthilia za kuikosoa, na walikiona cha moto. Mtu aliyebomolewa jukwaa na serikali ya kwao alitarajiwa kuwa wa kwanza kuwasemea. Sijaona kwamba aliwasemea, na hilo laniuma kwa sababu nampenda. Nimelifikiria sana. Pengine mgeni aliyepokewa na kupewa uraia haoni kasoro za mwenyeji. Pengine aliona ardhi tu na mengine hayakuonekana. Mungu ndiye ajuaye yaliyo vifuani.

Alifariki tarehe 3 Mei 2008 katika ajali ya gari huko Harare. Hakuwa amefika miaka 60. Kenya wakati huo ilikuwa yatoka katika damu ya uchaguzi wa 2007, Kibera ikiwa bado ina harufu ya moshi, na kifo chake kilipita na makala chache. Ngugi wa kwanza alipofariki miaka 17 baadaye dunia nzima iliandika, na ilikuwa haki yake. Katika niliyoyasoma siku hizo, Wa Mirii alitajwa kwa sentensi moja, kama mtu aliyeshirikiana naye.

Basi je, ilimlisha au ilimmaliza? Nilimjibu kijana ninavyojua. Wa Mirii aliishi kwa kuajiriwa, kama mtafiti Nairobi na mwalimu Zimbabwe. Hakuishi kwa mauzo ya kitabu. Kazi ilimlisha kwa sababu palikuwa na taasisi iliyokubali kwamba kuwafunza watu wa chini kuandika ni kazi ya mshahara. Nairobi ya leo taasisi ya namna hiyo ni chache, na mradi mwingi una tarehe ya mwisho iliyoandikwa kabla ya wa kwanza kuingia darasani. Kibera haikukosa mafunzo. Tangu 2002 nimeona ya ukimwi, ya amani baada ya 2008, ya kunawa mikono, ya uchaguzi, na pia shule ya filamu ambayo baadhi ya vijana walitoka nayo na kazi ya kweli. Lakini wengi walio na vyeti vinne vya uandishi hawana hata mchezo mmoja ulio na jina lao.

Na uoga wa serikali haukwenda popote. Aprili 2025 tuliona wasichana wa shule ya Butere wakifukuzwa kwa vitoa machozi Nakuru kwa sababu ya mchezo katika tamasha la shule, tamasha ambalo limekuwapo tangu 1959. Watu walishangaa. Mimi nilimkumbuka yule fundi viatu.

Siku yangu ya mwisho, Jumapili, kijana alinipeleka Kibera. Tulikwenda kwa njia ya Dagoretti Corner, tukashika barabara ya Ngong, tukashukia karibu na Makina. Kikundi chake kilikuwa kitasoma mchezo mpya katika ua wa nyumba moja, nyuma ya mama mmoja anayekaanga mandazi. Nilipousikia nilikaa kimya, kwa maana ulikuwa ni wa mlango. Miaka zaidi ya ishirini imepita, mimi sikumwambia neno, na kijana ameandika mlango.

Walipofika mahali mwenye nyumba anakuja na nyundo, yule mama wa mandazi akawakatiza. Akasema hawaji na nyundo. Wanakuja na bisibisi, asubuhi mapema, na hawagombi, wanasalimia kwanza. Mlango wanauegemeza ukutani taratibu usikwaruzike, kwa sababu utarudishwa ukilipa. Alieleza na salamu yenyewe inavyotolewa. Vijana wakaandika. Wakasoma tena tangu mwanzo wa tukio, na ilipofika ile salamu, ua mzima ulinyamaza.

Mama akauliza kama jina lake litaandikwa. Mpwa wangu akanitazama mimi, mimi nikatazama mandazi. Kisha akafungua jalada la daftari na kumuuliza linaandikwaje, na yule mama akamtajia, herufi moja moja, majina yote matatu.

Fomu mwisho wake ulikuwa Ijumaa. Jana usiku alinipigia simu kuniuliza kuhusu ile sehemu ya ujumbe. Hajaijaza, lakini wamemwongezea wiki moja.